Tunduma, mji unaoupokea mwaka mpya mara mbili

Usiku wa Desemba 31, saa sita inapotimia Tunduma, honi za malori na vigelegele hutangaza mwaka mpya. Hatua chache mbele, Nakonde nchini Zambia, bado ni saa tano. Saa za Zambia ziko nyuma ya zetu kwa saa moja, hivyo kwa familia zenye ndugu pande zote mbili za mpaka mwaka huingia mara mbili: kwanza kwa shangazi aliyeolewa upande huu, kisha kwa mjomba anayeishi upande ule. Simu zinapigwa mara mbili, na watoto waliofanikiwa kukesha wanashangilia mara mbili.

Kwa mgeni hilo ni jambo la kuchekesha tu. Kwa mzazi anayelea watoto katika mji wa mpakani lina uzito wake, kwa sababu mtoto anayeona ukoo wake umegawanyika kwenye saa mbili, fedha mbili na bendera mbili ataanza mapema kuuliza swali ambalo wazazi wengi hulikwepa: "Baba, sisi kwetu hasa ni wapi?"

Darasani hakuna somo linalojibu swali hilo. Katika Mkoa wa Songwe mahali linapojibiwa, pale linapojibiwa, ni nyumbani wakati wa sikukuu.

Mji wa waliotoka kwingine

Tunduma ni mji wa njia. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Zambia inapita hapa, na pembeni yake kuna malori yaliyopanga foleni kusubiri kuvuka. Reli ya TAZARA, iliyojengwa miaka ya 1970 kuiunganisha Dar es Salaam na Kapiri Mposhi kwa urefu wa kilomita 1,860, nayo inavukia hapa. Mwaka 2019 marais wa Tanzania na Zambia walizindua kituo cha pamoja cha forodha, ili msafiri akaguliwe mara moja tu badala ya mara mbili.

Mji umekua haraka. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu wasiofika 100,000 katika Tunduma. Sensa ya 2022 ilikuta wamezidi 200,000. Mkoa wenyewe ni mchanga: Songwe ilimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, makao makuu yakawekwa Vwawa, na sasa ina watu zaidi ya milioni 1.3.

Ukuaji wa namna hiyo hauletwi na watoto wanaozaliwa tu. Watu wamehamia. Wapo Wanyamwanga na Wanyiha ambao hapa ni kwao, Wandali kutoka milima ya Ileje, Wanyakyusa kutoka Rungwe na Kyela, Wakinga kutoka Makete waliokuja na maduka yao, na wengine kutoka mbali zaidi. Nyumba moja ya kupanga yenye vyumba sita inaweza kuwa na makabila matano, na watoto wote wanacheza uani kwa Kiswahili.

Kiswahili hicho ni baraka. Kimewafanya majirani kuwa ndugu. Lakini mzazi huligundua pengo siku anapompeleka mtoto kijijini na mtoto akashindwa kumwamkia babu yake. Babu anasubiri, mtoto anatazama chini, na mzazi anaona aibu isiyo na wa kulaumiwa.

Mpaka uliopita katikati ya ukoo

Wanyamwanga wanalijua pengo hilo kwa namna yao. Nchi yao ilikatwa katikati na watu ambao hawakuwa wa pale. Mwaka 1890 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana kugawana eneo kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Mwaka 1898 tume ya mpaka ya mataifa hayo mawili ilikuja kupima na kuweka alama. Baada ya hapo ndugu walioishi kilima kimoja wakawa raia wa nchi mbili.

Hata hivyo ukoo haukusoma mkataba. Hadi leo watu wanavuka kwenda msibani, harusini na kwenye sherehe za sikukuu. Wanyamwanga wa Tunduma wana ndugu Nakonde, Isoka na vijiji vya katikati. Ukifika Ileje mambo ni yaleyale, isipokuwa jirani wa huko ni Malawi na Wandali ndio wenye ndugu ng'ambo ya mto Songwe.

Ndiyo maana Desemba, kwa familia hizi, ni mwezi wa kuushona ukoo upya.

Si na Na

Mahali rahisi pa kuanzia ni jina.

Miongoni mwa Wanyamwanga na majirani zao, jina la ukoo hubadilika kufuata jinsia ya mtoto. Mvulana huanza na Si au Simu, na msichana huanza na Na au Namu. Kaka akiitwa Simbeye, dada yake ni Nambeye. Mtoto wa kiume wa Simfukwe ni Simfukwe, na wa kike ni Namfukwe. Simukonda humzaa Namukonda. Kwa herufi mbili tu, msikilizaji anajua anazungumza na binti wa ukoo gani.

Kwenye daftari la shule utaratibu huo unapotea. Jina la mwisho ni la baba, kwa hiyo msichana anaandikwa Simbeye kama kaka zake. Cheti cha kuzaliwa kinasema hivyo, na hakuna ubaya wowote wa kisheria. Ila bibi kijijini hamwiti hivyo. Yeye humwita Nambeye, na mtoto asiyeelezwa sababu hudhani bibi amesahau jina lake.

Watu walio mbali sana na Songwe wanalielewa jambo hili vizuri. Ireland, kisiwa kilicho magharibi mwa Uingereza, kina utaratibu unaofanana na huu. Katika lugha yao ya asili mwanamume wa ukoo wa Brian huitwa Ó Briain, maana yake uzao wa Brian, na dada yake huitwa Ní Bhriain. Chini ya utawala wa Waingereza majina hayo yaliandikwa Kiingereza, na kaka na dada wote wakawa O'Brien. Leo zipo familia zinazorudisha majina ya kale, na zipo zinazobaki na O'Brien huku zikiwafundisha watoto jina la zamani nyumbani.

Njia hiyo ya pili haigharimu chochote. Mzazi wa Tunduma hana haja ya kubadilisha cheti. Inatosha mtoto ajue kwamba analo jina la daftarini na jina la kwa bibi, na kwamba yote mawili ni yake.

Safari ya Desemba

Shule zikifungwa, stendi ya Tunduma hujaa. Kuna wanaopanda mabasi kuelekea Mbeya, Tukuyu na Makete. Kuna wanaokwenda karibu tu, Vwawa na vijiji vya Mbozi, chini ya saa moja hivi kwa gari. Wengine wanashuka bonde kuelekea Kamsamba, na wengine wanapanda milima kwenda Itumba huko Ileje.

Desemba ya Songwe si mwezi wa kupumzika. Mvua zimeanza, mahindi yamepandwa au yanapandwa, na mbolea inasubiri. Mtoto wa mjini anayefika Mbozi tarehe 20 atakuta watu wako shambani tangu alfajiri. Wazazi wengine humwacha mtoto alale na simu kwa kuwa "amekuja likizo". Wanamnyima sehemu bora ya likizo hiyo. Akishika jembe kwa saa moja tu, akapanda mistari miwili ya maharage pamoja na babu yake, atakuwa amesikia majina ya mashamba, ya mito na ya watu waliolima pale kabla yake. Hadithi za ukoo hazitoki kwa kuulizwa kama mtihani. Hutoka mikono ikiwa na kazi.

Kabla ya safari mzazi ana mambo mawili ya kuangalia. Kwanza, anayetoka kwenye baridi ya Tunduma au Mbozi kwenda mabonde ya Momba au pwani ya Ziwa Rukwa anaingia kwenye joto na mbu wengi zaidi. Chandarua chenye dawa kiwe ndani ya begi pamoja na nguo za sikukuu, na homa ya mtoto ipimwe malaria siku hiyohiyo, isisubiri sikukuu iishe. Pili, anayevuka kwenda Nakonde na mtoto avuke kwa hati za safari kupitia kituo cha forodha. Njia za panya zimezoeleka kiasi kwamba watu wanaziona kama uchochoro wa mtaani, lakini mtoto aliyevushwa bila hati akiugua au kupotea ng'ambo, kumtambua na kumrudisha ni kazi ngumu.

Kamwene, ugonile

Maneno ya kwanza ya sikukuu ni salamu. Mtoto wa Kikinga ataisikia "kamwene" mlangoni kabla hajashusha begi. Wa Kinyakyusa ataulizwa "ugonile". Asipojibu hatapigwa, ila watu watacheka, na kicheko hicho humfunga mtoto mdomo kwa likizo nzima.

Wiki mbili za kabla ya safari zinatosha kuziba pengo hilo. Salamu ya asubuhi na jibu lake, salamu ya jioni, neno la asante, namna ya kumwita bibi, babu, shangazi na mjomba. Maneno kama kumi. Mtoto wa miaka minne anayashika kwa siku tatu yakitumika mezani. Mzazi asiyeijua lugha mwenyewe anaweza kumpigia bibi simu, na bibi atafurahi kuwa mwalimu.

Kwa familia za Kiislamu za Tunduma hali ni hiyohiyo wakati wa Idi. Baada ya swala watoto huzunguka kusalimia nyumba kwa nyumba, na pale ndipo hujifunza nani ni baba mkubwa, nani ni wifi, na nani ni jirani tu aliyegeuka kuwa ndugu.

Sufuria ya sikukuu

Siku yenyewe ya Krismasi, chakula cha mjini kinafanana kila mahali: wali au pilau, kuku, chapati, soda. Upekee wa Songwe uko kwenye vyakula vinavyokuja pembeni ya pilau.

Kuna ulezi. Nafaka hii nyekundu ndogo ndiyo ugali wa zamani wa nyanda hizi, na ndiyo togwa ya watoto. Bibi huloweka ulezi, huuacha uchipue, huuanika na kuusaga kuwa kimea. Kimea kikitiwa kwenye uji mzito uliopoa kiasi, uji hulegea na kuwa mwepesi bila kuongezwa maji. Wataalamu wa lishe nchini walishaifanyia kazi mbinu hiyo kwa ajili ya watoto wadogo, kwa sababu inamwezesha mtoto mwenye tumbo dogo kula unga mwingi zaidi kwa kikombe kilekile. Uji huo uchemshwe tena kabla ya mtoto kupewa. Kwa maneno mengine, togwa ya sikukuu ya bibi ina elimu ya lishe ambayo mama wa mjini huitafuta kliniki.

Kuna kikanda. Upande wa Zambia wanakiita chikanda, na kwao hakikosekani kwenye sherehe. Viazi vidogo vya mimea ya jamii ya okidi hukaushwa na kutwangwa, vikachanganywa na unga wa karanga, chumvi, magadi na pilipili, vikapikwa hadi vigande kama mkate mzito unaokatwa vipande. Asiyekijua hudhani ni nyama.

Kikanda kinabeba habari ya furaha na ya huzuni. Viazi vyake kwa miaka mingi vimechimbwa porini katika nyanda za juu, hasa upande wa Makete, vikapitia Tunduma kwenda Zambia, kwa idadi ya mamilioni kwa mwaka. Ili kupata kiazi lazima mmea wote ung'olewe. Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, iliyotangazwa mwaka 2005 na inayojulikana kwa maua yake, ilianzishwa kwa sehemu ili kuzinusuru okidi hizo, na biashara ya kimataifa ya okidi za porini inadhibitiwa kwa mkataba. Familia inayopenda kikanda ina jambo la kuzungumza mezani: chakula hiki kikitolewa kila Jumamosi kama vitafunwa, wajukuu hawatakikuta. Kikibaki cha siku kubwa, huenda wakakikuta.

Karanga zake pia zina sharti. Karanga na mahindi yaliyohifadhiwa vibaya hushika ukungu unaozalisha sumukuvu, sumu isiyoondolewa na moto wa jikoni. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu 20 katika mikoa ya kati ya nchi. Kazi ya kuchambua karanga, kutupa zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na zenye ukungu, ni kazi nzuri ya kumpa mtoto mwenye macho makali. Anasaidia jikoni na anajifunza kitu kitakachomlinda.

Na kuna nguruwe. Katika nyumba nyingi za Kikristo za Mbozi na Tunduma hakuna Krismasi bila kitimoto. Watafiti wamewahi kuchunguza ugonjwa wa tegu wilayani Mbozi, kwa nguruwe na kwa binadamu, na wakaukuta kote kuwili. Nyama yenye malengelenge ya tegu isipoiva vizuri humpa mlaji mnyoo tumboni. Hatari kubwa zaidi huja baadaye: mayai ya mnyoo huo hutoka na kinyesi, na yakiingia mdomoni mwa mtu mwingine kwa mikono michafu au mboga zisizooshwa, vifuko vyake vinaweza kukaa kwenye ubongo na kuleta kifafa. Kwa hiyo nyama iliyokaguliwa, moto wa kutosha, choo kinachotumika na nguruwe wanaofungiwa bandani ni sehemu ya maandalizi ya sikukuu sawa na kununua mchele. Na mtoto mwenye kifafa kijijini si wa kufichwa chumbani wageni wanapofika. Ni wa kupelekwa hospitali, kwa sababu dawa zipo.

Uyoga na elimu isiyoandikwa

Mvua za Desemba huleta uyoga. Kandokando ya barabara wanawake na watoto huupanga kwenye mabeseni, na baadhi yake ni mkubwa kiasi kwamba kofia moja inajaza sinia. Ni kitoweo kitamu, ni bure kwa anayejua pa kuutafuta, na kwa familia nyingi ndiyo ladha hasa ya msimu huu.

Hapa ndipo urithi unapoacha kuwa mapambo. Mwenye kuujua uyoga ni bibi. Anajua unaoota kwenye kichuguu, unaoota chini ya mti gani, upi una pete shingoni, upi usiguswe. Elimu hiyo haimo kwenye kitabu cha shule na haipatikani kwa kutazama picha kwenye simu. Hupita kutoka mkono wa mkubwa kwenda mkono wa mdogo, porini, mwaka hadi mwaka. Mnyororo ukikatika kizazi kimoja, kizazi kinachofuata kinabaki na hamu ya uyoga bila maarifa ya uyoga, na hapo watu hufa.

Mtoto wa mjini aende na bibi porini, atazame, abebe kikapu. Asichume peke yake. Wala familia isitegemee vipimo vya mtaani kama kuona kama wadudu wameula au kama kijiko kimebadilika rangi, kwa kuwa havina ukweli. Kuchemsha hakuondoi sumu ya uyoga mbaya kabisa. Sumu hiyo hujificha: kutapika na kuharisha kunaweza kuanza saa 6 hadi 24 baada ya kula, kukatulia kana kwamba mtu amepona, wakati ini linaharibika. Yeyote aliyekula uyoga wenye mashaka apelekwe hospitali mara moja, pamoja na mabaki ya uyoga wenyewe, na wote waliokula sufuria hiyo waende naye.

Pombe na watoto

Liko jambo ambalo familia nyingi hulinyamazia. Sikukuu katika nyanda hizi zina pombe, ya kienyeji na ya chupa, na mtoto hujifunza urithi wa meza nzima, si wa sahani tu. Zamani pombe ya ulezi ilikuwa ya wazee, ilinywewa kwa utaratibu na kwa sababu. Kumwonjesha mtoto "kidogo tu kwa ajili ya Krismasi" hakumo kwenye mila hiyo.

Ireland inatoa mfano ambao wengi hawautarajii. Machi 17, siku ya Mtakatifu Patrick, duniani leo inajulikana kwa bia. Lakini huko kwao ilikuwa siku ya kanisa na ya familia, na kwa miongo kadhaa ya karne ya 20 baa zilifungwa siku hiyo kwa sheria. Watu wale walijua kwamba sikukuu inaweza kumezwa na kinywaji, na wakaiwekea uzio. Nyumba ya Tunduma inaweza kuweka uzio wake bila sheria ya Bunge: togwa kwa watoto, na wakubwa wanaokunywa wasisahau nani anaendesha gari na nani anawaangalia watoto karibu na moto.

Asubuhi ya makaburini

Pasaka nayo ina somo lake. Wamoravian walifungua misheni Mbozi mwaka 1899, na kanisa lao lina desturi iliyoanzia Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1732: ibada ya asubuhi ya Pasaka kufanyika makaburini, kabla jua halijachomoza. Waumini hukusanyika gizani, huimba, na jua huwakuta wamesimama kati ya wapendwa wao waliolala.

Kwa mtoto ni tukio lisilosahaulika. Siku za kabla yake makaburi husafishwa, nyasi hufyekwa, na wakati wa kufyeka mtoto huuliza huyu ni nani. Anaambiwa: huyu ndiye aliyemzaa babu yako. Huyu alikuwa mkunga. Huyu alikufa mdogo, kabla ya chanjo. Hata familia isiyo ya Moravian inaweza kuiga sehemu hiyo ya kufyeka na kusimulia. Historia ya afya ya ukoo, nani alikuwa na kisukari, nani presha, nani selimundu, mara nyingi husikika pale kwa mara ya kwanza, na ni taarifa ambayo daktari wa mtoto ataihitaji siku moja.

Taa dirishani

Inafaa kuuliza kwa nini mila za Ireland zimedumu. Kati ya mwaka 1845 na 1852 ugonjwa wa ukungu uliangamiza viazi vyao. Ni ugonjwa uleule ambao wakulima wa viazi mviringo wa nyanda zetu wanaupigia dawa kila msimu wa mvua. Watu wapatao milioni moja walikufa, na wengine zaidi ya milioni moja wakaondoka kwa meli. Leo Marekani pekee ina watu zaidi ya milioni 30 wanaosema wana asili ya Ireland, wakati kisiwa kizima kina watu wapatao milioni 7.

Waliobaki hawakuwa na simu. Katika nyumba nyingi, mkesha wa Krismasi, mshumaa uliwekwa dirishani kuonyesha kwamba msafiri anakaribishwa, na mara nyingi aliyeuwasha alikuwa mtoto mdogo kuliko wote. Mary Robinson alipochaguliwa kuwa rais wa nchi hiyo mwaka 1990, aliweka taa kwenye dirisha la ikulu kwa ajili ya wote walioondoka na watoto wao.

Mshumaa hauhitaji tamasha wala mfadhili. Mila iliyopewa mtoto mdogo kuifanya kwa mkono wake mwenyewe ndiyo inayovuka bahari. Mila ambayo mtoto huitazama tu wakubwa wakiifanya huishia kwenye picha za simu.

Kimondo, kwa anayebaki

Si kila familia ina nauli ya kwenda mbali. Kwa inayobaki Tunduma au Vwawa, kuna safari ya siku moja hadi kijiji cha Ndolezi, Mbozi, kilipo kimondo. Ni bonge la chuma chenye nikeli, lenye urefu wa karibu mita 3, lililodondoka kutoka angani zamani sana. Wazungu walianza kuandika habari zake mwaka 1930, lakini wenyeji walikuwa wakilijua muda mrefu kabla ya hapo. Sasa eneo hilo liko chini ya Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro. Mtoto akiligusa ameshika kitu kilichotoka nje ya dunia, na kiko wilayani kwao. Maji ya kunywa, kofia na koti la mvua vinatosha.

Mambo matano ya likizo hii

Mzazi asiyejua aanzie wapi anaweza kuanza na haya. Mfundishe mtoto salamu na maneno kumi ya lugha ya kwao kabla ya safari. Mweleze maana ya jina lake la ukoo, na kama ni msichana, jina ambalo bibi atamwita. Mpe kazi moja ya chakula cha asili iwe yake kila mwaka: kuchambua karanga, kuchochea uji wa ulezi au kubeba kikapu cha uyoga. Mpeleke kwenye kaburi moja na umsimulie habari za mtu mmoja. Na kama una ndugu ng'ambo, usiku wa Desemba 31 mwache yeye ndiye apige simu ya pili, saa saba kamili kwa saa ya Tunduma, kuwaambia watu wa Nakonde heri ya mwaka mpya katika lugha ambayo mpaka haukuigawa.

Akikosea neno, ng'ambo watacheka kidogo na kumrekebisha. Mwakani atakuwa analijua.